Papa anayeitwa Mama

Kwa miaka minne kijana wangu aliniita mama.

Hakuwa amechanganya watu. Alijua nani ana ndevu na nani anapika sombe. Jioni nikirudi kazini alikuwa ananisubiri chini ya zile ngazi za udongo zinazopanda kwetu Kadutu, ili nimbebe mgongoni. Ananitazama machoni, anabana midomo sawasawa kama mtu anayejiandaa kusema “papa”, ndivyo huku Bukavu tunavyomwita baba, kisha pumzi inapotea njiani, inatokea puani, na neno linaanguka likiwa “mama”. Kule juu jikoni mama yake anaitika, “Eee?” Mtoto anakasirika, anarudia kwa nguvu zaidi. Kadiri alivyotia nguvu ndivyo pua ilivyozidi kuchukua.

Majirani walicheka. Siku za kwanza hata mimi nilicheka nao, na mpaka leo sijajisamehe vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ni fundi sauti. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya meza ya vitufe kwenye redio ya hapa Bukavu, kuangalia taa za kijani zikipanda na kushuka, na kumwambia mtangazaji asogee nyuma kidogo kwa sababu “p” zake zinapiga mikro kama ngumi. Mtu wa kazi hiyo ndiye aliyekaa miaka na mtoto asiyekuwa na “p” hata moja bila kujiuliza zilikwenda wapi.

Jibu nililipata baadaye, na ni jepesi hata kwa mtu asiyesoma udaktari. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo, sema “aaa”. Utaona nyuma kabisa kipande cha nyama laini kinaruka juu, kimio kikining'inia katikati yake. Hilo ndilo kaakaa laini, na kazi yake ni ya mlango. Ukisema “p”, “b”, “t”, “s”, “k”, mlango unapanda na kwenda nyuma mpaka ukuta wa koromeo, unaziba njia ya pua, na pumzi yote inabaki mdomoni kufanya kazi. Ukisema “m”, “n”, “ny” au “ng'”, mlango unashuka na pua inapewa haki yake. Midomo inafanya kazi ileile kwenye “b” na kwenye “m”. Tofauti kubwa iko huko nyuma usikoona. Kwa hiyo mtoto ambaye mlango wake haufiki ukutani anaweza kubana midomo kwa ufundi wote wa dunia akasema papa, na kitakachotoka ni mama.

Wa kwangu alizaliwa kaakaa limepasuka. Mdomo wa juu ulikuwa mzima, ndiyo maana hakuna aliyeona kitu mpaka siku ya tatu, maziwa yalipoanza kutoka puani. Duniani kote mtoto mmoja hivi kati ya kila 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, au wa kaakaa, au vyote viwili. Wapasuaji wengi hupenda kushona kaakaa kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu, kabla maneno hayajaanza kupanga foleni. Sisi tulifika kwa mpasuaji mtoto akikaribia miaka mitatu. Sababu ni zile anazozijua kila mtu wa huku: pesa, njia, na kuambiwa urudi kesho. Tulipanda boti la usiku kwenda Goma, akashonwa, tukarudi na sambaza za kukaanga kwenye mfuko, na mke wangu akasema, sasa atasema.

Akasema. Kwa king'ong'o.

Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba kushona kunaziba tundu tu, wala hakuahidi kwamba mlango utakuwa mrefu wa kutosha au mwepesi wa kutosha. Kati ya watoto walioshonwa kaakaa, vitabu vya wataalamu hutaja 20 mpaka 30 kwa kila mia ambao sauti yao bado hupita puani na huhitaji kazi nyingine. Laiti ningeisoma hiyo namba mapema. Badala yake tulipoteza mwaka na zaidi.

Tuliupoteza hivi. Shangazi yangu mmoja, mama mwenye roho nzuri kabisa, aliketi kwenye kiti chetu, akamsikiliza mtoto kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akatoa hukumu: “Ni kirimi. Mumupeleke wamukate.” Kirimi ndicho kimio. Kukikata ni dawa ya zamani katika sehemu nyingi za Afrika, ya kikohozi, ya kutapika, ya mtoto asiyenyonya. Nilimwambia, “Shangazi, mutoto tayari nyama haimutoshi, na wewe unataka tuipunguze?” Hakunisemesha mpaka Pasaka. Lakini hapo, kwa bahati, nilikuwa sahihi bila kujua: kila unachopunguza huko nyuma kinaweza kuongeza nafasi ambayo mlango unashindwa kuiziba. Hata kutoa zile nyama za nyuma ya pua ambazo humfanya mtoto akorome kunaweza kumwachia mwenye kaakaa fupi king'ong'o ambacho hakuwa nacho jana.

Kisha kikaja kituo kimoja, sitakitaja, kilichotupa mazoezi. Apulize baluni. Apulize filimbi. Apulize mshumaa kwa mbali, kila siku kusogea nyuma hatua moja. Miezi minane. Nyumba yetu ilijaa baluni kama ukumbi wa harusi. Mtoto, ambaye hana ujinga wowote, aligundua wiki ya kwanza kwamba akijibana pua kwa vidole baluni inajaa vizuri sana, na sisi tukapiga makofi. Baada ya miezi minane alikuwa bingwa wa baluni wa mtaa mzima na bado aliniita mama. Leo wataalamu wanasema wazi kwamba kupuliza hakufundishi kusema. Kaakaa linapopuliza halifanyi kazi kwa namna lifanyavyo linaposema, na nguvu ya lile haihamii kwenye hili. Kama mlango ni mfupi, hata ukiufanyisha mazoezi mpaka utoke jasho, hauongezeki hata milimita moja.

Aliyetufungua macho alikuwa mama mmoja mortofonisti, yaani mtaalamu wa kutibu usemi, Mkongo wa huku kwetu aliyesomea Ulaya, aliyekuja na timu ya wapasuaji kwa wiki moja. Nilitegemea mashine. Akatoa kwenye mkoba kioo kidogo cha wanja, mrija wa kunywea Fanta, na kibomba cha plastiki ambacho nitakieleza mbele.

Kioo kwanza. Alikiweka chini ya pua, akamwambia mtoto aseme “papapa”. Kwa mtu mwenye mlango mzima kioo kinabaki kikavu. Kwa wa kwangu kikafanya ukungu pande zote mbili, madoa mawili kama macho ya paka. Halafu akambana pua kwa vidole viwili, akamwachia, akambana, akamwachia, huku mtoto akisema “a, i, a, i”. Kipimo hicho kina jina la Hermann Gutzmann, daktari wa Berlin wa mwanzoni mwa karne ya 20, na unaweza kukifanya wewe mwenyewe sasa hivi hapo ulipo. Kama “a” na “i” zako hazibadiliki ukijibana, mlango wako unafunga. Za kijana wangu zilibadilika kama redio inayohamishwa stesheni.

Kisha mrija. “Papa, wewe si ni mutu wa sauti? Sikiliza.” Ncha moja akaiweka kwenye tundu la pua la mtoto, nyingine akanipa nitie sikioni. Mtoto akaambiwa aseme “paka, paka, pipi, pipi”.

Nimesikiliza sauti kwa miaka kumi na sita. Nimerekodi makwaya, nimerekodi mvua juu ya bati, nimerekodi wanasiasa. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ndani ya mrija kulikuwa na upepo wa ziwa. Kila “p” iliyoharibika mdomoni ilikuwa humo, nzima, yenye nguvu, ikipiga mlango usiokuwa wake. Nikaelewa hapohapo kwamba mtoto hakuwa mvivu wala mzito. Alikuwa anafanya kazi yote na malipo yanakwenda kwa mwingine. Huko Cincinnati, Marekani, Ann Kummer, mmoja wa wanaofundisha zaidi mambo haya, huwaambia wanafunzi wake watumie mrija huohuo. Mrija wenyewe haufikii hata bei ya kikwembe cha kufutia meza.

Lakini mimi ni mtu wa mita. Nikauliza, “Ni ngapi?”

Akacheka. Akanieleza kuhusu nazometa.

Mwaka 1970 huko Marekani, Samuel Fletcher alitoa maelezo ya kifaa alichokiita TONAR, na miaka ya 1980 kikazaliwa upya kama Nasometer, kikauzwa na kampuni ya Kay Elemetrics. Wazo lake ni zuri mpaka nikaona wivu. Unachukua bamba, unaliegemeza juu ya mdomo wa juu chini ya pua, limelala kama rafu. Juu ya bamba mikro moja inasikiliza pua, chini yake nyingine inasikiliza mdomo. Kompyuta inachukua nguvu ya sauti ya pua, inaigawanya kwa jumla ya pua na mdomo, inazidisha kwa mia. Hiyo ndiyo nazalansi. Kwa Kiingereza cha Marekani, mtu mzima wa afya akisoma maandishi yasiyo na “m” wala “n” hupata kama 15 au 16. Akisoma maandishi ya kawaida hupata 35 hivi, na sentensi zilizojazwa “m” na “n” humpeleka karibu na 60. Mtoto akipita 30 kwenye yale maandishi makavu, yasiyo na “m” wala “n”, mtaalamu anaanza kukunja uso.

Mashine hiyo haikuwepo kwetu, na bei yake si ya mtu anayelipwa kwa faranga. Lakini bamba na mikro mbili? Nilipanda moto, yaani pikipiki, kurudi nyumbani nikiwa tayari nimeshaijenga kichwani.

Bamba nililikata kwenye kibido cha mafuta ya kupikia cha lita tano, nikalizungushia kipande cha blanketi ili lisimkwaruze. Mikro zilikuwa zile ndogo za kubana kwenye kola, mbili za aina moja. Kushoto pua, kulia mdomo. Kwenye ordinateri nina Audacity, programu ya bure inayotumiwa na kila fundi. Fletcher aliichuja sauti ibaki karibu na herzi 350 mpaka 650, kwa sababu humo ndimo nguvu ya irabu na ya pua hukaa, nami nikachuja hivyohivyo.

Jaribio la kwanza lilisema mimi mwenyewe ni mgonjwa. Nilipata 44. Nikahangaika saa nzima, umeme ukakatika, ukarudi, mpaka nikafanya kile ambacho humfokea mwanafunzi wangu asipokifanya: kulinganisha mikro. Ya puani ilikuwa inasikia zaidi. Nikaziweka zote mbili mbele ya spika moja, umbali mmoja, nikasawazisha. Nikashuka mpaka 17. Mke wangu 18. Binti yetu mdogo 19. Kisha yeye. Puani 0.031, mdomoni 0.029. Jumla 0.060. Thelathini na moja gawanya kwa sitini, mara mia: karibu 52.

Sasa hapa ndipo nilipokwama, na ndipo penye jambo ambalo bado linaniamsha usiku. Nilimpimia maneno gani?

Maandishi ya Marekani hayanifai. Mtoto hajui Kiingereza, na Kifaransa cha shule kina irabu zake zinazopita puani kwa makusudi, kama “on” na “an”. Nikachukua kaye na biki, nikaketi kuandika sentensi za Kiswahili zisizo na sauti ya pua. Nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Jaribu na wewe. “Mtoto anakula”: “m” hiyo, “n” hiyo. “Ninakwenda”: zimejaa. Huwezi kusema mimi bila pua. Huwezi kusema sisi tunafanya, kwa sababu ile “na” ya wakati uliopo ina “n” katikati yake. “Ame” ina “m”. Mtu, mti, mto, Mungu, vyote vinapita puani. Hata hapana. Hata ndiyo. Zinabaki “li”, “ta”, “ka” na “hu”. Yaani sentensi kavu ya Kiswahili inaweza kusema yaliyopita, yajayo na ya mazoea, lakini ya sasa hivi haiyawezi kirahisi. Nilikaa nikicheka peke yangu saa tano usiku. Lugha nimezaliwa nayo, naipitisha kwenye waya kila siku, na sikuwahi kujua kwamba leo yake inakaa puani.

Ndipo nikaelewa pia kwa nini tulichelewa. Kiswahili kinamficha mtoto wa namna hii. Maneno yake ya kwanza yalikuwa mama, nini, nani, nyanya, maamaa, na yote aliyasema kama mtangazaji, kwa sababu kwenye maneno hayo mlango unatakiwa uwe wazi. Wageni walisema, mbona anasema vizuri? Walikuwa wamemsikia sehemu ambayo hahitaji mlango. Aliyeumia alikuwa papa, peke yake, mwenye “p” mbili kwenye jina lake.

Mwishowe niliandika hizi: Kaka alipika pilau. Dada alikata papai. Babu alivaa koti. Paka alipita juu ya paa. Na moja ninayoipenda kuliko zote: Dada alitoka Bagira, akapita Kadutu, akauza sukari. Bukavu yenyewe ni neno kavu kabisa, na Kivu pia. Goma haiwezekani, Lubumbashi wala Kinshasa haziwezekani. Kwa upande wa pili, sentensi ya kujaza pua ilijiandika yenyewe: Mama ananunua nanasi nane Goma.

Nilimpigia yule mama mortofonisti kwa WhatsApp, nikampa namba zangu kama mvuvi anayeonyesha samaki. Alinisikiliza, akanishusha taratibu. Kila lugha, akasema, inatakiwa kuwa na maandishi yake na namba zake za watu wenye afya, hata lafudhi inaweza kubadilisha kitu. Kwa Kihispania, Kijapani na Kifini kazi hiyo ilishafanywa. Anke Luyten na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, waliwapima watoto wa Uganda, lakini kwa Kiingereza chao. Irabu nazo zina tabia: “i” hupata namba ya juu kuliko “a” kwa mtu yuleyule, kwa hiyo “pipi” na “papa” hazipimwi kwenye mizani moja. Mtoto mwenye mlango mbovu lakini pua iliyoziba kwa mafua anaweza kukupa namba nzuri ya uongo. “Sikio kwanza, papa,” akasema. “Namba inakuja nyuma ya sikio. Na hiyo 52 yako haikwambii ni kwa nini.”

Ilikuwa kweli. Kipimo changu kilikuwa kinahesabu pumzi zilizopita mlangoni bila kuuona mlango. Kuna njia za kuupima kwa karibu zaidi. Donald Warren na Arthur DuBois walionyesha mwaka 1964 namna ya kupima msukumo wa hewa mdomoni na mwendo wake puani, na kutokana na hivyo viwili kukokotoa upana wa tundu lililobaki wakati mtu anasema “p”. Likizidi milimita za mraba 20 hivi, hapo hakuna mjadala tena. Kuna picha za eksirei zinazotembea kama sinema. Na kuna endoskopu, bomba jembamba lenye kamera, linaloingia puani mpaka nyuma na kutazama mlango kutoka juu wakati mtoto anasema.

Hiyo ya mwisho tulifanyiwa, Goma, timu iliporudi. Walimtia dawa ya ganzi puani, akalia, kisha akanyamaza alipoona kwenye skrini kwamba yale mapango mekundu ni yeye. Wakamwambia aseme sentensi. Nilikuwa nimewapa zangu. Akasema, “Paka alipita juu ya paa,” na sote tukaona: kaakaa linapanda, linajitahidi kabisa, linafika katikati ya njia na kubaki hapo, likitetemeka kidogo, na nyuma yake shimo jeusi. Mke wangu aliyekuwa amekuja bila kuamini chochote alisema kwa sauti ndogo, “Kumbe alikuwa anajaribu.”

Kulikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ni kifaa cha kuvaa mdomoni, mithili ya meno ya bandia, chenye mkia unaoinua kaakaa au kiputo kinachojaza shimo. Babu wa vifaa hivyo ni Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, aliyeziba kaakaa zilizotoboka kwa bamba la dhahabu au fedha lenye sponji juu yake. Kinafaa sana kwa anayesubiri au asiyeweza kupasuliwa. Lakini mtoto anakua, meno yanang'oka, na kila mara unahitaji fundi wa meno wa kukirekebisha, na wetu yuko wapi?

Ya pili ilinifanya nisahau kwamba tuko hospitali. Mwaka 1991 David Kuehn wa Illinois alitoa tiba kwa kutumia ile mashine ya sipapu wanayovaa usiku watu wanaokosa pumzi usingizini. Unavaa barakoa puani, mashine inasukuma hewa ndani, na wewe unasema maneno huku kaakaa likipigana na ule msukumo ili kufunga, kama mtu anayenyanyua vyuma. Wiki nane, nyumbani, msukumo na dakika zikiongezeka kidogokidogo. Na maneno ya zoezi yanajengwa hivi: irabu, kisha sauti ya pua inayoushusha mlango, kisha konsonanti ya nguvu inayoupandisha ghafla, kisha irabu. Daktari akatoa mfano wa maneno yasiyo na maana yaliyobuniwa kwa kazi hiyo. Mimi nikaruka kwenye kiti. “Kamba!” nikasema. “Panda! Kanzu! Tangazo!” Wale wamebuni maneno ya zoezi, sisi tunayatumia kupanga bei sokoni. Mortofonisti alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza kwamba sipapu ni ya shimo dogo, ya misuli iliyo dhaifu lakini inayofika au kukaribia, na kwamba hata kwa hao matokeo hayalingani. Kwa shimo tuliloliona kwenye skrini ingekuwa baluni nyingine, ya bei kubwa.

Ya tatu ikawa yetu. Wapasuaji walichukua kipande cha nyama kwenye ukuta wa koromeo, wakakiacha kimeshika juu, wakakishona kwenye kaakaa kama daraja, na pembeni wakaacha njia mbili ndogo za pumzi. Akisema, kuta za pembeni zinasogea na kuziba hizo njia mbili. Akinyamaza, anapumua. Wiki za kwanza alikoroma kama trekta, na walikuwa wametuonya kwamba daraja linaweza kubana pumzi usiku, kwa hiyo mke wangu alilala ameketi, mkono kifuani mwa mtoto.

Na alipopona akafungua mdomo akaniita, wazi kabisa, mama.

Hili pia hakuna anayekuambia. Mlango ulikuwa mpya, mwenye nyumba bado alikuwa na mazoea ya zamani. Hapo ndipo kile kibomba cha plastiki kilipopata kazi. Cha dukani kinaitwa See-Scape: bomba lililosimama, linaloonekana ndani, lenye kipande cha sponji chini, na mpira unaokwenda mpaka tundu la pua. Pumzi ikivuja puani, sponji inapanda. Changu nilikitengeneza kwa mpira wa seramu na ganda la biki, na sponji ya kuoshea sahani niliyoikata ndogo kama punje ya mchele. Kila jioni dakika kumi mezani. “Sema papa, sponji ilale.” Sponji inaruka. “Tena.” Inaruka. Tulianza na “p” bila sauti, kama mtu anayezima kiberiti, huku akijibana pua, kisha anaachia pua kidogo, kisha kidogo tena. Siku ya kumi na moja au ya kumi na mbili sponji ilibaki chini. Alikuwa anaitazama yenyewe, hakuwa ananitazama mimi, na hakujua amesema nini mpaka binti mdogo alipouliza, “Papa yuko wapi? Si huyu hapa?”

Sentensi kavu sasa zinatoa 24. Yule mama anasema ni nzuri, tusikimbilie 17, na kwamba “k” zake, ambazo bado anazikata kooni, zitachukua mwaka mwingine. Shuleni wamemhamisha kutoka benchi la nyuma. Shangazi anadai maombi yake ndiyo yaliyofanya kazi, nami sina mashine ya kupima hilo.

Wiki iliyopita mafua yalinilaza. Pua zote mbili zimeziba, kichwa kimejaa. Nikaita kutoka kitandani nipelekewe chai, na mtoto akaja mlangoni akiwa ameshikilia tumbo kwa kicheko. “Papa,” akasema, “unaita nani baba?” Nilikuwa nimeita mama. Akakimbia kuleta bamba la kibido, akanibandika juu ya mdomo, akabonyeza ile duara nyekundu ya kurekodi kama fundi mzee. “Sema: mama ananunua nanasi nane Goma.” Nikasema nilichoweza. Akachuja, akajumlisha kwa kidole kwenye kaye, akagawanya, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Kawaida mimi hupata 58 kwenye sentensi hiyo.

“Thelathini na mbili,” akasema. “Papa, wewe ni mugonjwa. Kesho tunaanza baluni.”